Kifaransa cha Paris na Kifaransa cha ng'ambo ya ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kifaransa jioni, Dar es Salaam. Darasani kwangu hukaa mawakala wa forodha, waongoza watalii, vijana wenye ndoto ya Kanada, na miaka ya karibuni wenye maduka Kariakoo waliochoka kutafuta mkalimani kila mteja wa Lubumbashi anapotaka karatasi zake ziandikwe sawasawa. Maswali yao ni yale yale kila muhula. Nimeyaandika hapa na majibu yake, kwa mpangilio yanavyonijia. Penye msimamo wangu sitauficha.

Kifaransa kinazungumzwa na watu wangapi?

Idadi inayotajwa zaidi ni milioni 321. Imetoka kwenye ripoti ya mwaka 2022 ya shirika la kimataifa la nchi zinazotumia Kifaransa, linalojulikana kwa kifupi OIF, lenye makao yake Paris. Ila ukitajiwa idadi ya wasemaji wa lugha yoyote kubwa, uliza kwanza kahesabiwa nani. Hapa wamehesabiwa wanaokimudu, si waliozaliwa nacho. Waliozaliwa nacho ni kama robo tu. Waliobaki wamekutana nacho shuleni, kazini au mtaani. Kiswahili nacho huhesabiwa hivyo hivyo. UNESCO inaposema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, haimaanishi watu wa Lamu, Unguja na Mrima peke yao. Yumo na mama wa Bukavu anayeuza maharage sokoni kwa Kiswahili, kisha anarudi nyumbani kuzungumza Kimashi.

Zaidi ya nusu ya hao milioni 321 wako Afrika. Hilo huliandika ubaoni siku ya kwanza, kwa sababu wanafunzi huja na mnara wa Eiffel kichwani. Kinshasa inakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 15, wengi kuliko Paris na viunga vyake, ndiyo maana wengi huutaja kuwa mji mkubwa kuliko yote unaotumia Kifaransa. Neno "unaotumia" lina uzito wake. Nyumbani na kwenye basi Kinshasa inasema Kilingala. Kifaransa ni cha darasani, ofisini, mahakamani na gazetini.

Ni lugha rasmi katika nchi zipi?

Ulaya ni Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Luxembourg na Monaco. Amerika ni Kanada na Haiti. Pasifiki kuna Vanuatu, pamoja na maeneo ya Ufaransa kama New Caledonia. Afrika ndiko orodha inakorefuka: Senegal, Côte d'Ivoire, Guinea, Togo, Benin, Kameruni, Chad, Gabon, Kongo zote mbili, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Djibouti. Bahari ya Hindi kuna Madagaska, Komoro na Shelisheli. Réunion na Mayotte hazimo kwenye hesabu ya nchi, maana hizo ni sehemu ya Ufaransa kabisa. Mayotte, jirani wa Komoro, ilifanywa mkoa wa Ufaransa mwaka 2011, na watu wake wengi nyumbani wanasema Kishimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili.

Orodha hiyo isikudanganye. Algeria haikitambui Kifaransa kuwa lugha rasmi wala si mwanachama wa OIF, lakini ukitua Algiers utakisikia kila kona. Kwa upande mwingine Bulgaria na Armenia ni wanachama wa OIF, na huko ukiomba maji kwa Kifaransa unaweza kukaa na kiu.

Tanzania imepakana na nchi ngapi za Kifaransa?

Swali hili huuliza mimi. Darasa hukaa kimya, halafu mmoja husema "moja". Tanzania imepakana na nchi nane, na tatu kati ya hizo, yaani Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zina Kifaransa miongoni mwa lugha zake rasmi. Ukiongeza Komoro upande wa bahari, zinakuwa nne. Mtu wa Kigoma anayesimama ufukweni jioni anaitazama nchi ya Kifaransa kwa macho yake, milima ile ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwake lugha hii ni ya jirani, na haina haja ya pasipoti ya Ulaya.

Wakongo wanaokuja Kariakoo wanajua Kiswahili. Kifaransa nikijifunze cha nini?

Kwa sababu bei mtapatana kwa Kiswahili, na karatasi zitaandikwa kwa Kifaransa.

Kongo ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili. Kiswahili ndicho kinachotawala mashariki na kusini-mashariki, kuanzia Goma na Bukavu, kupita Kindu na Kalemie, hadi Lubumbashi. Lakini lugha rasmi ni moja tu, Kifaransa, waliyoiacha Wabelgiji tarehe 30 Juni 1960. Basi mgawanyo wa kazi uko wazi. Salamu, utani, bei na malalamiko ni Kiswahili. Ankara, mkataba, barua ya benki, hati ya kusafiria na amri ya mahakama ni Kifaransa. Wakala anayepeleka kontena Lubumbashi kutoka bandari ya Dar es Salaam anaijua FERI, ile hati ya kielektroniki ambayo mamlaka za Kongo hutaka iwepo kabla shehena haijafika. Nimemwona mwanafunzi wangu, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka, akikwama kwa sababu hakujua kwamba *poids brut* ni uzito pamoja na vifungashio na *poids net* ni wa bidhaa peke yake. Masomo mawili yalitosha.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe cha huko. Jirani yako wa Lubumbashi atakwambia, "Niko naenda ku bureau, après nitakupigia." Miaka na bei huzitaja kwa Kifaransa hata sentensi nzima ikiwa ya Kiswahili: amezaliwa *mu quatre-vingt-cinq*, anadaiwa *vingt dollars*. Usiyejua namba za Kifaransa utamwelewa yote isipokuwa kile kilichokuleta.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo swali hili linaulizwa na wachache zaidi.

Mbona sabini ya kitabuni si sabini niliyoisikia Bukavu?

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mfaransa wa Paris hana neno la sabini. Husema *soixante-dix*, sitini na kumi. Themanini kwake ni *quatre-vingts*, yaani ishirini nne. Tisini ni *quatre-vingt-dix*, ishirini nne na kumi, na tisini na saba inakuwa *quatre-vingt-dix-sept*: ishirini nne, kumi, saba. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hawa watu wana kikokotoo mdomoni.

Mbelgiji hakuutaka usumbufu huo. Sabini anaiita *septante* na tisini *nonante*. Na kwa kuwa Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, *septante* na *nonante* zikabaki huko hadi leo. Uswisi nao wanazitumia, na baadhi ya majimbo yao, kama Vaud, yana hata *huitante* kwa themanini. Kwa hiyo ukisoma kitabu kilichochapishwa Ufaransa kisha ukaenda Goma, bei ya dola 75 itakuacha mdomo wazi. Nawafundisha zote mbili. Kwa mtihani tumia ya Paris. Kwa biashara ya Kongo zoea *septante*, maana ni fupi na ndiyo utakayoisikia.

Tahadhari: themanini ya Wabelgiji na Wakongo ni *quatre-vingts* vile vile. Mantiki iliishia njiani.

Je, Wafaransa wote wamekuwa wakisema Kifaransa tangu zamani?

Hapana, na jibu lake linawashangaza wengi. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza alitoa amri mjini Villers-Cotterêts kwamba nyaraka za mahakama na za serikali ziandikwe kwa lugha ya Kifaransa, si Kilatini. Hiyo ilikuwa ni karatasi. Watu wa kawaida waliendelea na lugha zao: Kibretoni, Kioksitani, Kibaski, Kialsasi na nyingine. Zaidi ya miaka 250 baadaye, mwaka 1794 katikati ya mapinduzi, Abbé Grégoire alipeleka ripoti bungeni akieleza kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakijui Kifaransa kabisa, na wanaokisema sawasawa hawazidi milioni 3. Kichwa cha ripoti hiyo hakikuficha nia: ilihusu kuziangamiza lugha za mitaa na kukieneza Kifaransa.

Kilichofanya kazi hiyo hasa ni shule. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 zilifanya elimu ya msingi iwe bure na ya lazima, na ikawa ya Kifaransa. Mtoto wa Brittany aliyeteleza akasema Kibretoni alivishwa kitu cha kumwaibisha, na alikivua siku atakapomkamata mwenzake akifanya kosa hilo hilo. Mbinu ile ile ikapelekwa Afrika Magharibi, ikaitwa *symbole*. Msomaji wa Kenya hapa anatabasamu kwa uchungu, maana anaikumbuka "disk" ya shuleni kwake, iliyozungushwa shingoni kwa aliyethubutu kusema lugha ya nyumbani.

Académie française ndiyo BAKITA yao?

Kwa mbali. Académie iliundwa mwaka 1635 na Kardinali Richelieu, ina viti 40, na wajumbe wake huitwa "wasiokufa", ingawa hufa, na mmoja akifa ndipo mwingine anachaguliwa. Kazi yao kuu ni kamusi. Toleo la tisa lilianza kutoka mwaka 1986 na likakamilika mwaka 2024. BAKITA, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, ina mamlaka zaidi ya kiserikali na, kusema kweli, kasi zaidi.

Ukitaka watu wanaokilinda Kifaransa kwa wivu, usiende Paris, nenda Quebec. Jimbo hilo la Kanada limezungukwa na Kiingereza pande zote, na mwaka 1977 lilipitisha sheria namba 101 iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya mabango na ya shule za watoto wa wahamiaji. Alama ya kusimama barabarani Ufaransa imeandikwa *STOP*. Quebec imeandikwa *ARRÊT*. Paris wanapumzika *week-end*. Montréal wanapumzika *fin de semaine*. Baruapepe Quebec wameiita *courriel*, wakiunganisha neno la barua na la elektroniki, na BAKITA hapo wangewapa mkono.

Kifaransa cha Afrika ni kibovu?

Huuliza hivi aliyewahi kuchekwa na mwalimu. Jibu langu ni hapana, na mifano ninayo.

Kinshasa mwanamume mwenye mwanamke wa pembeni husemwa ana *deuxième bureau*, ofisi ya pili, kwa sababu mkewe huambiwa mzee bado yuko ofisini. Sisi tunasema nyumba ndogo. Habari za uvumi Kinshasa huitwa *radio trottoir*, redio ya kando ya barabara, na mtu wa Dar es Salaam anayejua redio mbao haitaji tafsiri. Mtu akikupigia simu akaikata kabla hujapokea ili umpigie wewe, Afrika Magharibi na ya Kati wanasema *il m'a bipé*. Amenibipu! Senegal kituo cha mafuta ni *essencerie*, neno lililoundwa kwa kanuni safi za Kifaransa, ambalo Paris hawakulifikiria wakabaki na maneno mawili, *station-service*. Abidjan mahali pa kula samaki wa kuchoma na kunywa ni *maquis*, na vijana wa mji huo wana Nouchi yao, lugha ya mtaani yenye mifupa ya Kifaransa na nyama ya Kidioula, Kibaoulé na chochote kilichopita njiani. Nairobi wangeitambua mara moja: ni binamu ya Sheng.

Mwaka 2021 Ufaransa ilizindua kamusi ya mtandaoni ya wazungumzaji wote wa Kifaransa, *Dictionnaire des francophones*, na maneno ya aina hiyo yamo, yakitajwa nchi yanakotumika. Mimi simkati alama mwanafunzi kwa kuyatumia. Mtihani wa kimataifa utamkata, kwa hiyo nitamwambia, lakini kosa halitakuwa lake.

Krioli ni Kifaransa?

Hapana. Krioli ya Haiti, ya Morisi na ya Shelisheli zimechukua msamiati mwingi kutoka Kifaransa, lakini sarufi yake imekwenda njia yake. Haiti iliitambua Krioli kuwa lugha rasmi kwenye katiba ya mwaka 1987.

Kuna maneno ya Kifaransa kwenye Kiswahili?

Ya moja kwa moja ni machache. Linalotajwa zaidi ni *divai*, kutoka *du vin*. *Faranga* ni ile sarafu. Ukivuka mpaka yanaongezeka: Kilingala kina *lopitalo*, hospitali. Kinyarwanda huiita serikali *Leta*, kutoka *l'État*. Waswahili wanaoishi Kigali wana mzaha wao juu ya serikali inayoitwa Leta, na mlipa kodi yeyote anaweza kuumalizia mwenyewe.

Utajiri zaidi uko kwa mzazi wa tatu, Kiarabu, ambacho lugha zote mbili zilikopa bila kuambiana. *Sucre* na sukari zimetoka chungu kimoja. Mfaransa akitaka kumtaja daktari kwa lugha ya mtaani husema *toubib*; askari wao walilitoa Algeria, nasi tulilipata baharini: tabibu. *Chiffre*, tarakimu, ni ndugu wa sifuri. *Magasin*, duka, ina mzizi mmoja na hazina, maana mwanzoni lilikuwa ghala. *Jupe*, sketi ya mwanamke wa Paris, imetokana na neno lile lile lililotupa juba, vazi la shehe. Wanafunzi wangu wa Zanzibar hulifurahia hili kuliko somo lolote la sarufi, kisha hubishana nusu saa nani kavaa nguo ya nani.

Kifaransa kiliwahi kufika pwani yetu?

Kilifika, na mara ya kwanza hakikuja kwa heri. Karne ya 18 Wafaransa walikuwa na mashamba Réunion na Morisi, wakati huo ikiitwa Île de France, na walitaka watu wa kuyalima. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Krioli za Morisi na Shelisheli nilizozitaja juu zilikuzwa na watu waliotolewa pwani hii pamoja na wa Madagaska na kwingine.

Mwaka 1860 mapadri Wafaransa walifika Zanzibar wakitokea Réunion, na mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bagamoyo. Mmoja wao, Charles Sacleux, alikaa pwani miaka mingi akikusanya maneno, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Wasomi wa lahaja bado wanaifungua, kwa kuwa aliandika neno la Kimvita, la Kiamu na la Kingazija kila moja mahali pake, maneno ambayo mengine leo huyasikii kwa mtu. Ni jambo la kufikirisha kwamba anayetafuta Kiswahili cha babu yake wakati mwingine hulazimika kukisoma kupitia Kifaransa.

Kwa Mswahili, ugumu uko wapi?

Sarufi haitakutisha sana. Anayelalamika kwamba kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, mwambie ahesabu ngeli zake. Mtu aliyekua akisema "kitabu changu kizuri kimepotea" bila kukosea hata kiambishi kimoja ameshazoea upatanisho. Mwingereza ndiye anayehangaika hapo.

Shida ni sikio na mdomo. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kifaransa kinaandika herufi kisha kinazinyamazisha. *Il parle* ni "anasema", *ils parlent* ni "wanasema", na matamshi yake ni yale yale. Lazima usubiri maneno ya jirani yakwambie ni mmoja au wengi. Halafu herufi iliyokufa hufufuka ikikutana na irabu: *les* peke yake ni "le", lakini *les amis* ni "lezami".

Kuna pia irabu tusizokuwa nazo. Ile *u* ya Kifaransa hutamkwa ukibana midomo kama unayepuliza filimbi huku ulimi ukisema "i". Ukiiacha iwe "u" yetu, *dessus* inageuka *dessous*. Ya kwanza ni juu, ya pili ni chini, na kwa mtu anayeelekeza mzigo upangwe wapi kwenye lori, hiyo ni tofauti ya kreti la mayai.

Faraja ndogo: wao nao wanateseka. H yetu hawaiwezi. Mfaransa atakwambia "abari" miaka kumi.

Lini natumia *tu* na lini *vous*?

Heshima ya Kiswahili iko kwenye shikamoo, na kwenye mzee, mama, dada, kaka. "Wewe" haimvunjii mtu heshima ukishamwamkia. Kifaransa hakina shikamoo, kwa hiyo heshima imehamia kwenye kiwakilishi. *Vous* kwa usiyemjua, mkubwa, mteja, afisa. *Tu* kwa rafiki, mtoto, ndugu. Ukiwa na shaka sema *vous*, na usubiri yeye akwambie mwende kwenye *tu*.

Nataka kwenda Kanada. Nifanye DELF au nini?

Usichanganye mitihani. DELF ina ngazi nne, kuanzia A1 hadi B2, na DALF inaendelea na C1 na C2. Vyeti vyake havina mwisho, na ni vizuri kwa masomo na kazi. Lakini kwa maombi ya uhamiaji ya serikali kuu ya Kanada hutakiwa TEF Canada au TCF Canada, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Quebec ina utaratibu wake tofauti. Tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikifanya raundi maalumu za mwaliko kwa wanaojua Kifaransa, ndiyo maana madarasa yamejaa. Vituo vya Alliance Française, taasisi iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, vipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Waulize tarehe za mitihani mapema, na masharti ya viza yasome kwenye tovuti ya serikali yenyewe, usimsikilize dalali.

Na kama huendi popote: Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayofanya kazi kwa Kifaransa pia. Kabla yake mji huo ulikuwa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na vijana wengi wa Arusha waliokijua Kifaransa walikula mkate hapo.

Rwanda si imeachana nacho?

Nusu nusu. Mwaka 2008 serikali iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka uliofuata nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Lakini Kifaransa kilibaki lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda na Kiingereza, na mwaka 2017 Kiswahili kikaongezwa. Kisha Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Rwanda, akachaguliwa mwaka 2018 kuiongoza OIF yenyewe. Ukimwelewa Mnyarwanda katika hilo, umeelewa siasa za lugha.

Basi Afrika inakifukuza Kifaransa?

Baadhi ya serikali, ndiyo. Katiba ya Mali ya mwaka 2023 ilizifanya lugha 13 za nchi hiyo kuwa rasmi na kukishusha Kifaransa kuwa lugha ya kazi tu. Burkina Faso ikafuata, na mwaka 2025 Niger ikakitangaza Kihausa kuwa lugha ya taifa. Machi 2025 zote tatu zilitangaza kujitoa OIF. Kinachouma zaidi kwa Paris ni kwamba shirika hilo lilizaliwa Niamey, mji mkuu wa Niger, tarehe 20 Machi 1970, likiwa na Hamani Diori wa Niger na Senghor wa Senegal mstari wa mbele. Algeria nayo imeingiza Kiingereza shule za msingi tangu 2022, na mwaka huo huo Gabon na Togo zilijiunga na Jumuiya ya Madola, kwenye mkutano uliofanyika, tena, Kigali.

Lakini kuiondoa lugha kwenye katiba ni kazi ya siku moja, na kuiondoa kwenye faili ni ya vizazi. Bamako bado inaandika barua zake kwa Kifaransa. Mwandishi wa Algeria Kateb Yacine alikiita ngawira ya vita, kitu ulichomnyang'anya adui na sasa ni chako. Mimi sioni Kifaransa kikifa Afrika. Naona kikishushwa ngazi moja, kutoka kiti cha bwana hadi benchi, kikikaa bega kwa bega na Kilingala, Kiwolofu na Kiswahili. Kongo peke yake, kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza kila mwaka, inakitengenezea wasemaji kuliko nchi yoyote ya Ulaya inavyoweza. Na hao watoto wa Goma na Kalemie wataingia darasani wakiwa tayari wanajua Kiswahili.

Mwalimu, *bonjour* mwisho wake saa ngapi?

Paris inakwenda hadi jua linapoelekea kuzama, ndipo *bonsoir* inaanza. Haiti *bonswa* inaanza mara tu saa sita mchana ikipita. Quebec wengine husema *bonjour* hata wakati wa kuagana, kwa hiyo usishangae ukisalimiwa na mtu anayeondoka.